Usukani Ugenini: Leseni Yako Inafika Wapi?

Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali hufika Rusumo akiwa amekwisha kula zaidi ya kilomita elfu moja za lami, mizani ya malori na vibao vya kilomita 50 kwa saa kila penye makazi. Mbele yake ni Mto Kagera na daraja lililojengwa kwa msaada wa Japani, pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani ambacho Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walikizindua Aprili 2016. Akishagongewa muhuri na kuvuka, hana budi kuhamia upande wa pili wa barabara. Tanzania magari hupita kushoto. Rwanda hupita kulia.

Badiliko hilo kila mtu huliona. Mengine hayana kibao. Leseni iliyompa haki ya kuendesha kuanzia Kigamboni hadi Ngara sasa inafanya kazi kwa sababu tu serikali ya ng'ambo imekubali kuiheshimu. Bima aliyoikata Dar es Salaam huenda imekomea katikati ya daraja. Gari lenyewe, ambalo nyumbani ni mali yake na hakuna wa kumuuliza, machoni pa forodha ni bidhaa ya kigeni iliyoruhusiwa kukaa kwa muda.

Hapo ndipo wasafiri wengi wanapokosea. Hujiandaa kwa njia, mafuta na pesa za kula, wakiamini kwamba aliyeiva usukanini ameiva popote. Sheria huuliza mambo mengine: nani amemruhusu dereva huyu, kwa muda gani, na nani atalipa akigonga? Maswali hayo matatu yana majibu tofauti katika kila nchi, na mahali pa kuyatafutia majibu ni nyumbani, kabla ya safari.

Mikataba na kijitabu cha kijivu

Suala la leseni ugenini lina umri unaokaribia ule wa gari. Oktoba 1909, magari yakiwa bado chombo cha matajiri wachache wa Ulaya, wajumbe wa serikali kadhaa walikutana Paris na kutia saini mkataba wa kwanza wa kumwezesha dereva kuvuka mpaka bila kuanza upya. Mwingine ukafuata mwaka 1926, hapohapo Paris. Leo mikataba inayotajwa zaidi ni miwili: wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968.

Humo ndimo kilimotoka kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho wengi hukiita leseni ya kimataifa. Ni kijitabu chenye jalada la kijivu, kinachoenea mfukoni, chenye picha ya mwenyewe, mihuri, na maelezo ya leseni yaliyotafsiriwa kwa lugha kadhaa. Kazi yake ni kumsaidia askari wa Athens au Bangkok kuisoma leseni iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Kijitabu cha Geneva hugongwa muhuri kwa kila aina ya chombo ambacho mwenye leseni ameruhusiwa: A ni pikipiki, B ni gari lisilozidi kilo 3,500 na viti vinane ukiacha cha dereva, C ni lori, D ni basi, E ni tela. Mihuri hiyo ina faida kubwa, kwa sababu herufi za madaraja ya leseni hutofautiana nchi na nchi. Herufi inayomaanisha gari dogo kwenu, kwa wenyeji huenda ikawa na maana nyingine kabisa.

Kijitabu hicho peke yake si leseni. Bila leseni halisi ya nyumbani mkononi, hakina nguvu yoyote, na leseni ikiisha muda nacho kimekufa. Tena hutolewa na nchi ile ile iliyotoa leseni. Mtanzania hukipata kupitia chama cha wenye magari, AAT. Mkenya hukipata AA ya Kenya. Cha Geneva hudumu mwaka mmoja, na cha Vienna hakizidi miaka mitatu.

Matapeli wameligundua pengo hili siku nyingi. Kwenye intaneti kuna wanaouza vijitabu na kadi za plastiki zenye maandishi ya dhahabu na nembo zinazofanana na za Umoja wa Mataifa, wakidai kwamba mnunuzi ataweza kuendesha hata kama hana leseni, au hata kama amefungiwa leseni kwao. Mwaka 2003 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwafikisha mahakamani wauzaji kadhaa wa karatasi za aina hiyo. Biashara haikufa. Alama ya kuitambua ni rahisi: anayeuza leseni ya kimataifa bila kutaka kuona leseni halali ya nyumbani anauza karatasi bandia, na anayeionyesha karatasi hiyo kwa askari wa kigeni anaweza kujikuta anajibu kesi ya kughushi badala ya kesi ya leseni.

Kibali kimoja, milango tofauti

Ukishapata kibali halali, bado kuna swali la mkataba upi. Mfano mzuri ni Japani, nchi ambako magari mengi ya mitumba ya Afrika Mashariki yalianzia maisha, na ambako magari hupita kushoto kama Nairobi na Dodoma. Kwa macho tu, dereva wa Mombasa angejisikia nyumbani. Lakini Japani hutambua vibali vya mkataba wa Geneva wa 1949 peke yake. Rwanda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1964 na Uganda mwaka 1965. Kenya haimo, yenyewe ilijiunga na mkataba wa Vienna mwaka 2009. Kwa hiyo Mganda mwenye kibali chake anaweza kukodi gari Osaka, na Mkenya aliyekaa naye kiti kimoja kwenye ndege akaambiwa kibali chake hakifai. Wala si dharau kwa Waafrika. Ujerumani nayo haimo katika mkataba wa Geneva, na Mjerumani aendaye Japani hutakiwa kubeba tafsiri rasmi ya leseni yake kwa Kijapani.

China ni kali zaidi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo hawezi kukodi gari na kuondoka nalo kwa leseni ya Tanzania, awe na kijitabu au asiwe nacho. China bara haikitambui kibali cha kimataifa. Mgeni wa muda mfupi anayetaka kuendesha huomba leseni ya muda kwa polisi wa trafiki wa huko, isiyozidi miezi mitatu, akiwasilisha leseni yake na tafsiri ya Kichina.

Afrika Kusini imelegeza. Leseni ya kigeni iliyo hai, yenye picha na saini, iliyoandikwa kwa Kiingereza au kuambatana na tafsiri, inatosha kwa mgeni. Tanzania na Kongo ni wanachama wenzake wa jumuiya ya SADC, lakini leseni iliyoandikwa kwa Kifaransa inahitaji tafsiri hiyo. Dereva wa Lubumbashi anapaswa kulijua hilo kabla hajafika Musina.

Nyumbani nako kuna mlango wake. Zanzibar ina mamlaka yake ya leseni, na mgeni kutoka nje ya nchi anayekodi gari au vespa visiwani hupatiwa kibali cha muda cha Zanzibar. Kampuni nyingi za kukodisha humshughulikia mteja jambo hilo. Askari kwenye vizuizi vya kuelekea Nungwi au Paje huulizia kibali hicho, na mgeni aliyekipuuza ili aokoe pesa kidogo hupoteza nusu siku akijieleza.

Mgeni, au mkazi?

Kosa linalowagharimu zaidi Waswahili walioko ughaibuni ni kuendelea kujiita wageni wakati sheria imekwisha kuwahesabu kuwa wakazi. Ruhusa zote zilizotajwa hapo juu ni za mgeni. Siku mtu anapopata kibali cha kuishi, hesabu hubadilika, na nchi nyingine huibadilisha siku ileile.

Umoja wa Falme za Kiarabu ni mfano ulio wazi. Mgeni wa kutoka nchi zilizo kwenye orodha yao huendesha kwa leseni ya kwao. Wa kutoka nchi nyingine huonyesha kibali cha kimataifa pamoja na leseni. Lakini aliyepata viza ya ukazi, kwa mfano kijana wa Tanga aliyeajiriwa hotelini Dubai, hana ruhusa tena ya kutumia leseni ya nyumbani. Hulazimika kujiandikisha chuo cha udereva, kufanya mtihani wa nadharia na wa barabarani, na kupata leseni ya Emirati. Sheria ya trafiki iliyoanza kutumika huko Machi 2025 inaweka faini ya dirham 2,000 hadi 10,000 kwa anayeendesha kwa leseni ya nje isiyotambuliwa, na anayerudia kosa anaweza kufungwa.

Kwa jirani zao wa Saudi Arabia, swali la nani aruhusiwe lilikuwa zito kuliko la karatasi. Wanawake, wenyeji na wageni, waliruhusiwa kushika usukani tangu tarehe 24 Juni 2018 tu.

Uingereza ina subira zaidi. Mwenye leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda anaweza kuendesha gari dogo kwa leseni hiyo kwa miezi 12. Mtalii huihesabu miezi hiyo tangu alipoingia, na aliyehamia huihesabu tangu alipokuwa mkazi. Ikipita, leseni ya nyumbani haifai tena. Wenye leseni za nchi fulani, zikiwemo Afrika Kusini na Zimbabwe, hubadilishiwa bila mtihani. Nchi za Afrika Mashariki hazimo katika orodha hiyo, kwa hiyo dereva wetu huomba leseni ya mwanafunzi, hufanya mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Aliyeendesha basi la Nairobi hadi Kisumu miaka ishirini anabandika herufi L kwenye gari kama kijana wa miaka 17, na anatakiwa awe na mwenye leseni ya huko pembeni yake. Akifanya mtihani kwa gari la otomatiki, leseni atakayopata haitamruhusu kuendesha la gia.

Marekani haina jibu moja, kwa sababu leseni ni mambo ya jimbo. California humruhusu mtalii mtu mzima aendeshe kwa leseni ya kwao, lakini akishakuwa mkazi humpa siku 10 tu za kuomba ya hapo. Florida ilitoa funzo mwaka 2013. Sheria iliyoanza Januari mwaka huo iliwataka wageni wote wa nje ya nchi wawe na kibali cha kimataifa, hata Wakanada ambao kila msimu wa baridi hushuka kwa maelfu na magari yao. Kelele zikawa nyingi, na ikabainika kwamba sharti hilo linagongana na mkataba wa Geneva ambao Marekani imeuridhia. Februari polisi wa jimbo wakatangaza kwamba hawatalitekeleza, na kabla ya katikati ya mwaka sheria ilikuwa imefutwa. Wenyewe watunga sheria walikuwa wamesahau mkataba unasemaje. Sembuse msafiri wa kawaida.

Bima inakomea mpakani

Leseni humpa dereva ruhusa. Bima humlinda aliyegongwa, na pia humkinga dereva asiuze shamba la baba yake kulipa hospitali ya ugenini.

Bima ndogo, ile ya kumlipa mtu wa tatu, ni lazima kisheria karibu kila nchi. Kwa kawaida hukatwa kwa barabara za nchi moja tu. Stika ya Nairobi haimlindi mwenda kwa miguu wa Arusha. Pengo hili ndilo lililozaa Kadi ya Njano ya jumuiya ya COMESA, mpango ulioafikiwa mwaka 1986 na kuanza kazi mwaka 1987. Dereva huinunua kwa kampuni yake ya bima kabla ya safari, na kadi humlinda mtu wa tatu katika nchi zote zilizomo, pamoja na gharama za matibabu ya dereva na abiria wake. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi zimo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango wa kadi, na ndiyo maana karatasi hiyo ya njano inapokelewa Namanga, Horohoro, Mutukula na Tunduma. Afrika Magharibi wana Kadi ya Kahawia, na Ulaya wana ya Kijani, iliyoanza mwaka 1953 na inayofika hadi Morocco na Tunisia.

Anayeendelea kusini mpaka Afrika Kusini hukuta utaratibu wa namna nyingine. Huko majeruhi wa barabarani hufidiwa na Mfuko wa Ajali za Barabarani, unaochangiwa kupitia tozo ya mafuta. Kila anayejaza tangi amechangia. Lakini mfuko huo hulipia miili ya watu, haulipii mlango wala taa ya gari lililogongwa. Mgeni asiye na bima ya ziada hubeba deni hilo mwenyewe.

Uhusiano kati ya leseni na bima ndio unaosahaulika zaidi. Kampuni ya bima ikigundua kwamba aliyekuwa usukanini hakuwa na ruhusa halali ya chombo kile, katika nchi ile, kwa tarehe ile, inaweza kukataa kulipa hata kama ada zote zililipwa. Mtalii mwenye leseni ya gari dogo anapokodi pikipiki ufukweni, mwenye pikipiki huenda asimuulize kitu. Anachotaka ni pesa ya siku. Atakayeuliza ni bima ya safari, mgonjwa akiwa tayari kitandani. Uingereza, anayekamatwa bila bima hupigwa faini ya papo kwa papo ya pauni 300 na pointi sita kwenye rekodi yake, na gari linaweza kuvutwa hapohapo.

Anayekodi gari asome mkataba kabla ya kutia saini. Kampuni nyingi hazimkodishii aliye chini ya miaka 21, na nyingine hudai nyongeza kwa aliye chini ya 25. Nyingi hutaka kadi ya benki ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Tena gari la kukodi halivuki mpaka bila idhini ya maandishi ya mwenye gari. Kuna wageni waliotua Nairobi, wakakodi gari, wakaahirisha safari ya Ngorongoro pale Namanga kwa sababu ya karatasi moja tu.

Gari nalo lina pasipoti yake

Aendaye na gari lake mwenyewe hubeba mzigo wa pili wa karatasi. Kadi ya gari, au logibuku kama wanavyoiita Kenya, iwe ya asili. Kama gari lina jina la mke, la kaka au la kampuni, au lina mkopo wa benki, dereva awe na barua ya idhini ya mwenye gari. Forodha haina njia nyingine ya kutofautisha aliyeazimwa gari na aliyeliiba, na magari yaliyoibwa Afrika Mashariki yamekuwa yakivushwa kwa mipaka hiyohiyo.

Mpakani gari huandikiwa kibali cha kuingia kwa muda, chenye tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ina uzito sawa na ya viza. Gari lililopitiliza huhesabiwa kuwa limeingizwa nchini bila ushuru, na forodha ina mamlaka ya kulishikilia. Wasafiri wa nchi nyingi, wale wanaotoka Cairo hadi Cape Town, hutumia kijitabu cha forodha kiitwacho karneti, kinachotolewa na vyama vya wenye magari kwa dhamana ya fedha, kuthibitisha kwamba gari litatoka kila nchi lilikoingia.

Nyuma ya gari pawe na herufi za nchi lilikosajiliwa. EAK ni Kenya, EAU ni Uganda, EAT ni Tanzania bara na EAZ ni Zanzibar. Hizo EA mbele ni Afrika Mashariki. Nchi nyingine huzibadilisha: Uingereza iliacha GB na kuchukua UK Septemba 2021.

Vifaa navyo hukaguliwa. Pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto na kisanduku cha huduma ya kwanza ni vitu ambavyo trafiki wa Afrika Mashariki hupenda kuviona. Ufaransa, tangu 2008, dereva lazima awe na pembetatu pamoja na koti la kuakisi mwanga. Na anayeingia Rwanda asisahau kukagua buti: nchi hiyo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mabegi hupekuliwa mpakani.

Kushoto, kulia

Takriban theluthi moja ya watu duniani huishi katika nchi ambazo magari hupita kushoto. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi zilirithi utaratibu huo kwa Waingereza. Rwanda, Burundi na Kongo, zilizokuwa chini ya Wabelgiji, hupita kulia. Basi dereva wa lori anayetoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi huendesha kushoto Tanzania nzima na Zambia nzima, kisha Kasumbalesa hubadili. Wa Kampala kwenda Kigali hubadili Gatuna.

Kuhamia upande wa pili kuna hatari yake. Uswidi ilipohamia kulia tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima ilijiandaa kwa miaka: vibao vilibadilishwa, watu wakafundishwa, na magari mengi yakazuiwa barabarani saa za mwanzo. Mgeni hana maandalizi hayo. Hatari yake kubwa haiko kwenye msongamano, ambako magari mengine humwongoza. Iko alfajiri kwenye barabara tupu, anapotoka kituo cha mafuta au geti la hoteli, mikono ikafuata mazoea.

Agosti 2019, huko Northamptonshire nchini Uingereza, Mmarekani aliyekuwa amekaa nchini humo wiki chache tu alitoka lango la kambi ya Croughton akashika upande wa kulia, kama kwao. Alimgonga kijana wa miaka 19 aliyekuwa kwenye pikipiki, na kijana huyo akafariki. Mgogoro wa kinga ya kidiplomasia uliofuata ulifika hadi kwa wakuu wa nchi hizo mbili. Dereva alikiri mahakamani mwaka 2022 kusababisha kifo kwa kuendesha bila uangalifu, akapewa kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Mgeni ana njia chache za kujiepusha kuwemo katika hesabu hiyo, nazo hazina gharama. Alale kwanza akitua, asichukue gari usiku ule ule wa safari ndefu. Kwenye kipilefti akumbuke kwamba katika nchi za kulia magari huzunguka kinyume cha alivyozoea. Akiwa na gari la usukani wa kulia ndani ya Rwanda au Burundi, asiovateki bila mtu wa pembeni kumwangalizia, kwa kuwa yeye mwenyewe haoni mbele ya lori.

Tochi, Sofia na faini

Kila nchi ina makosa yake inayoyapenda. Tanzania ni tochi: trafiki akiwa kwenye kivuli cha mti, kifaa cha kupima mwendo mkononi, mita chache baada ya kibao cha 50. Faini hulipwa kwa namba maalumu ya malipo ya serikali, na mlipaji hupata risiti. Rwanda ni kamera za barabarani, ambazo wenyeji wameziita Sofia. Sofia haina usingizi na haisikilizi maelezo. Uingereza na Marekani vibao ni vya maili, kwa hiyo 30 ni kama kilomita 48, na 70 ni kama 112. Marekani, majimbo mengi huruhusu kukunja kulia taa ikiwa nyekundu, dereva akishasimama kabisa. Mji wa New York hauruhusu ila penye kibao kinachosema inaruhusiwa. Na basi la shule la njano likiwasha taa zake nyekundu, kwa kawaida magari ya pande zote mbili husimama.

Pombe nayo haina kipimo kimoja. Falme za Kiarabu na Saudi Arabia haziruhusu hata tone. England huruhusu miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na Scotland, ndani ya ufalme uleule, huruhusu 50 tu tangu Desemba 2014. Ufini hupiga faini ya mwendo kasi kwa kuangalia kipato: mwaka 2023 mfanyabiashara tajiri wa visiwa vya Åland aliyekutwa na kilomita 82 kwenye eneo la 50 alitozwa euro 121,000.

Mgeni aliyesimamishwa azime gari, akae na mikono inayoonekana, na atoe leseni, kibali, bima na kadi ya gari kwa utaratibu. Kama kuna kosa, alipe kwa njia rasmi na adai risiti. Kutoa pesa mkononi kwa askari wa ugenini ni kosa jipya juu ya lile la kwanza, na ni kosa lenye kifungo katika nchi nyingi.

Kwa hiyo msomaji mwenye safari na afanye haya kwa mpangilio. Kwanza atazame tarehe ya mwisho ya leseni yake. Ikikaribia, aihuishe kwanza. Pili aulize ubalozi au tovuti ya serikali ya nchi aendako kama leseni yake inatambuliwa, na kibali kinachotakiwa ni cha mkataba upi. Tatu aende kwa kampuni yake ya bima na aulize kwa jina la nchi: je, nikigonga huko, mtalipa? Nne, kama anakwenda kuishi, aulize siku ya mwisho ya kutumia leseni ya nyumbani na aiandike. Kibali cha kimataifa hakingojewi uwanja wa ndege wa ugenini. Hutolewa nyumbani, kwa mwenye leseni iliyo hai, kabla hajaondoka.